Barua Ilikwama Wapi: Historia ya Kufuatilia Ujumbe Katika Njia ya Tabora na Nzega

Kufuatilia ujumbe ni kuweza kueleza, kwa ujumbe mmoja mahususi, ulitoka wapi, ulipita mikononi mwa nani, ulikaa muda gani kila mahali na uliishia wapi. Mjumbe akiwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kazi ni nyepesi: anaulizwa yeye. Ugumu huanza ujumbe unapopita mikono mingi, na kila mkono una bwana wake, daftari lake na saa yake. Huduma za mtandaoni za leo zimejengwa hivyo. Mkazi wa Nzega akilipia bili ya maji kwa simu, malipo yake hupita kwenye mitambo ya kampuni ya simu, kwenye mfumo wa malipo wa Serikali na kwenye mfumo wa mamlaka ya maji kabla risiti haijamrudia, na hakuna hata mmoja kati ya hao anayeiona safari nzima.

Katika nchi ya Unyamwezi shida hiyo ina umri mkubwa kuliko kompyuta. Nzega ya leo ni njia panda: hapo hukutana barabara itokayo Singida kupitia Igunga na ile itokayo Tabora, kisha safari huendelea kaskazini kuelekea Shinyanga, Mwanza na Kahama. Karne ya 19 njia panda kuu ilikuwa kusini kidogo, Unyanyembe, yaani Kazeh na Kwihara katika Tabora ya sasa. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe na kugawanyika. Mingine ilishika magharibi kwenda Ujiji, mingine kaskazini kupita nchi ambayo leo ni Nzega na Kahama, kuelekea Ziwa Victoria, Karagwe na Buganda. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipita huko mwaka 1858 alipotoka Kazeh kulitafuta ziwa.

Mwendo wa njia hiyo ndio uliokuwa mwendo wa barua. Speke na kiongozi wa msafara wao, Richard Burton, waliingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Walichelewa kwa sababu zilizokuwa za kawaida: ugonjwa, wapagazi kutoroka, mazungumzo ya hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila mtemi, mvua, na kusubiri chakula. Baba yake Burton alikufa Uingereza tarehe 6 Septemba 1857. Mwanawe aliipata habari hiyo kwenye barua zilizomfikia Unyamwezi katikati ya mwaka 1858, zaidi ya miezi tisa baadaye. Barua haikuwa na safari yake yenyewe. Ilifungwa ndani ya mzigo wa msafara uliokuwa na shughuli nyingine, nguo na shanga za kwenda bara au pembe za ndovu za kwenda pwani, ikaenda msafara ulipokwenda na kulala ulipolala.

Kwa wafanyabiashara wa Unguja na Unyanyembe utaratibu huo ulitosha kwa kiasi kikubwa, kwa sababu deni ndilo lililokuwa likiibeba barua. Tajiri wa Unguja aliyemkopesha mwenye msafara alijua jina lake, jamaa zake na wadhamini wake, na mwenye msafara alijua kwamba siku moja atarudi kusimama mbele ya tajiri huyo. Barua iliyopotea kati yao ilikuwa na wa kuulizwa. Biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa pia na kinga ya nakala: hati ya malipo iliandikwa zaidi ya mara moja, nakala zikapelekwa kwa njia tofauti, na kila nakala ikatamka kwamba italipwa tu ikiwa mwenziwe haijalipwa. Kanuni hiyo ya nakala nyingi na malipo ya mara moja tu itarudi karne moja na nusu baadaye, katika mifumo ya fedha ya simu.

Mgeni asiyekuwa ndani ya mtandao huo wa madeni hakuwa na kinga yoyote. Mwaka 1861, Speke na James Augustus Grant waliporudi Unyamwezi, walitengana kaskazini mwa Kazeh kwa sababu wapagazi hawakutosha. Mwezi Septemba msafara wa Grant ulishambuliwa na kuporwa katika nchi ya mtemi Myonga. Speke alizipata habari kwa barua aliyoletewa na watu wa Grant mwenyewe. Barua ile ilifika kwa sababu aliyeituma na aliyeibeba walikuwa wa msafara mmoja. Kesi ya mmisionari na mpelelezi David Livingstone ni tofauti kabisa, na inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ni ya kwanza katika njia hii ambayo kila kituo cha ucheleweshaji kinaweza kuonyeshwa.

Mwaka 1869 Livingstone alikuwa Ujiji, mgonjwa na hana bidhaa. Aliandika rundo la barua, takriban 40, akazikabidhi kwa wafanyabiashara wa hapo wazipeleke pwani. Karibu zote hazikufika. Livingstone aliamini kwamba baadhi ya watu wa Ujiji walihofia yale ambayo barua hizo zingefichua kuhusu biashara ya watumwa, na huenda alikuwa sahihi. Lakini kwa upande wa ufuatiliaji jambo zito ni jingine: kati ya Ujiji na Unguja hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeandika kwamba amezipokea, wala aliyeandika kwamba amezitoa. Zilipotoweka, hapakuwa na mahali pa kuanzia kuzitafuta.

Kutoka upande wa pwani hali ilikuwa afadhali kwa kitu kimoja tu. Tarehe 1 Novemba 1870 ofisi ya ubalozi wa Uingereza Unguja ilifunga mfuko wa barua za Livingstone, ukaandikwa kwa nje jina lake, Ujiji, tarehe hiyo, na maneno ya kuonyesha kwamba ni barua zilizosajiliwa. Maandishi hayo ya nje ndiyo yaliyouokoa mfuko huo katika historia. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliukuta Unyanyembe mwaka 1871, akayasoma maandishi hayo, na kuanzia hapo ikawezekana kuipima safari yake.

Ukihesabiwa kituo kwa kituo, muda wa mfuko huo unagawanyika hivi. Watu waliokabidhiwa walivuka hadi Bagamoyo mwanzoni mwa Novemba 1870, wakakaa hapo zaidi ya miezi mitatu. Kwa maelezo ya Stanley, waliondoka Februari 1871 baada ya kusikia kwamba Dkt. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Unguja, anavuka kuja Bagamoyo. Walifika Unyanyembe kabla ya Stanley, aliyeingia tarehe 23 Juni. Hapo wakakwama tena, safari hii kwa sababu kubwa kuliko uzembe: vita kati ya Mirambo wa Urambo na Waarabu wa Unyanyembe vilikuwa vimeifunga njia ya Ujiji, na mwezi Agosti majeshi ya Mirambo yaliichoma sehemu ya Tabora. Stanley aliuchukua mfuko, akaondoka Kwihara tarehe 20 Septemba, akazunguka kusini kupitia Ukonongo na kufika Ujiji baada ya takriban siku 50. Mfuko ulikuwa umetumia karibu mwaka mzima, na zaidi ya robo ya mwaka huo uliishia Bagamoyo, ng'ambo tu ya mlango wa bahari kutoka ofisi ulikofungwa.

Hesabu hiyo ni rahisi sasa, lakini wakati ule haikuwa kwenye daftari lolote. Iliunganishwa baadaye kutokana na tarehe ya juu ya mfuko na kumbukumbu za msafiri aliyetokea kupita vituo vyote vitatu. Kabla ya kuunganishwa, lawama ilimwendea mtu ambaye jina lake lilijulikana. Stanley alimshutumu Kirk hadharani, na ugomvi wao ukaendelea magazetini na maofisini huko Uingereza. Kirk alistahili sehemu ya lawama kwa miezi ile ya Bagamoyo, kwani ofisi yake iliwakabidhi watu mzigo bila kuhakikisha wameondoka. Vita vya Mirambo havikumhusu, wala kupotea kwa barua za Ujiji. Pasipo rekodi ya kila mkono, makosa ya njia nzima humwangukia aliye karibu na kuonekana, na hilo limejirudia katika kila zama zilizofuata.

Safari hiyohiyo ilizaa tatizo la pili, ambalo wahandisi wa leo wanalifahamu vizuri: saa zisizokubaliana. Tarehe ya Stanley kukutana na Livingstone Ujiji, kwa maandishi yake, ni 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone inaiweka mwisho wa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua homa nzito njiani na kupoteza hesabu ya siku. Tukio ni moja, mashahidi ni wawili waliosimama ana kwa ana, na daftari zao hazipatani. Anayetaka kupanga matukio kwa tarehe pekee atajikuta anasema kwamba barua ilipokelewa kabla ya mpelekaji kufika. Linalobaki thabiti ni uhusiano wa sababu: kufika kwa Stanley kulitangulia kufunguliwa kwa mfuko, tarehe ziwe zimeandikwa vyovyote vile. Mwaka 1978 mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport aliliandika jambo hilohilo kwa lugha ya hisabati, akaonyesha kwamba katika mfumo wenye kompyuta nyingi mpangilio wa matukio unapaswa kujengwa juu ya nani alimtumia nani, kwa sababu saa za mashine haziwezi kuaminiwa kuwa sawa.

Livingstone na Stanley walirudi pamoja Unyanyembe Februari 1872, na Stanley akaondoka katikati ya Machi na barua pamoja na shajara iliyotiwa lakiri. Aliwasili pwani mwezi Mei. Huko Uingereza kulikuwa na watu waliodai kwamba barua hizo ni za kughushi, mpaka familia ya Livingstone na Serikali zilipothibitisha mwandiko. Ufuatiliaji ukawa umepata sharti la ziada, kwamba ijulikane pia kuwa kilichofika ndicho kilichotumwa. Mwaka uliofuata, baada ya Livingstone kufariki katika nchi ya Chitambo, watu wake waliobeba maiti yake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walifanya jambo la busara. Barua iliyoandikwa na Jacob Wainwright ilitangulizwa mbele ya msafara, ikabebwa na Chuma, na mwezi Oktoba 1873 ikamfikia msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron huko Unyanyembe. Mzigo mkubwa ulikuwa bado nyuma, lakini waliokuwa mbele walikwisha kujua nini kinakuja na kutoka wapi. Katika historia ya mawasiliano ya njia hii kazi hiyo ya Chuma, Susi na Wainwright haijapewa uzito unaostahili.

Miaka ya 1870 na 1880 wamisionari ndio waliojaribu kwanza kuipa barua safari yake yenyewe. White Fathers walifika Tabora mwaka 1878, na mwaka huohuo London Missionary Society wakafika Ujiji. Church Missionary Society, waliokuwa na kazi Buganda, walihitaji vituo vya kupokezana njiani, kimojawapo Uyui karibu na Tabora. Barua kutoka kusini mwa Ziwa Victoria zilishuka kupitia nchi ya Nzega na Kahama hadi Uyui, kisha Mpwapwa, kisha pwani, zikibebwa na matarishi waliotembea na mfuko bila mizigo ya biashara. Mmisionari wa kituo aliandika kwenye shajara yake tarishi aliyeingia na siku aliyotoka. Hizo zikawa miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo zenye mpangilio katika njia hii. Unguja nayo iliunganishwa na Aden kwa waya wa baharini mwaka 1879, kwa hiyo habari iliyotumia miezi kutoka ziwani hadi pwani ilimalizia sehemu ya mwisho ya safari, maelfu ya kilomita, kwa muda mfupi sana.

Utawala wa Kijerumani ulifika Tabora mwaka 1890, na ulipambana na mtemi Isike mpaka alipokufa Januari 1893. Pamoja na bunduki na kodi ulileta posta ya kiserikali, na posta ilileta mhuri. Bahasha iligongwa mhuri wa tarehe mahali ilipotumwa, na kwa desturi ya posta za wakati ule nyingi ziligongwa tena kwa nyuma zilipopokelewa au zilipopita. Barua iliyosajiliwa ilibandikwa lebo yenye herufi R, jina la ofisi na namba, na namba hiyo ikaandikwa kwenye daftari la kila ofisi ambayo barua ilipita. Hapo kwa mara ya kwanza mambo mawili yalikutana: alama moja inayosafiri na ujumbe bila kubadilika, na daftari linaloinukuu alama hiyo kila kituo. Mwenye stakabadhi aliweza kwenda dirishani na kuuliza, na ofisi ikaandikia ofisi ya mbele, hiyo ikaandikia iliyofuata, mpaka ionekane daftari la mwisho lenye namba hiyo. Barua ilipotea kati ya daftari lililoinukuu na lile lisilokuwa nayo.

Telegrafu, iliyofika Tabora mwanzoni mwa karne ya 20 kabla ya reli, ililazimika kwenda mbele zaidi, kwa sababu telegramu haina bahasha ya kugonga mhuri. Kinachopita kwenye waya ni ishara za umeme tu, na kila kituo cha kupokezana kinaandika upya. Kwa hiyo kila telegramu ilitanguliwa na maneno ya utambulisho: jina la ofisi ilikotoka, namba yake, idadi ya maneno, tarehe na saa ya kukabidhiwa. Mpokeaji alihesabu maneno aliyoandika. Yasipolingana na idadi iliyotajwa, aliomba yarudiwe kabla ya kukiri kupokea. Karatasi za telegramu zilihifadhiwa ofisini kwa muda uliowekwa, na palipotokea malalamiko ofisi zilitumiana telegramu za kikazi, zikitaja namba na saa ya ile iliyopotea. Karibu kila kipengele cha ufuatiliaji wa kisasa kimo katika utaratibu huo: utambulisho unaotangulia yaliyomo, hesabu ya kuhakiki, kukiri kupokea, na rekodi inayotunzwa baada ya ujumbe kuondoka.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Waingereza waliongeza tawi la Tabora hadi Mwanza, lililokamilika mwaka 1928. Tawi hilo lilipita Bukene, ndani ya Wilaya ya Nzega, likauacha mji wa Nzega kando, na hadi leo mji huo unategemea barabara. Kwenye reli ya njia moja ufuatiliaji ni suala la uhai. Stesheni masta hairuhusu treni kuondoka mpaka stesheni ya mbele ikubali kwamba sehemu iliyo kati yao ni tupu, na kila mmoja huandika kwenye daftari la treni saa ya kuomba, saa ya kukubaliwa, saa ya kuondoka na saa ya kufika. Madaftari ya stesheni zote yakiwekwa pamoja yanatoa picha kamili ya safari, bila stesheni yoyote kuhitaji kujua zaidi ya jirani zake wawili.

Posta na simu za Tanganyika ziliendeshwa pamoja na za Kenya na Uganda hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Shirika la Posta na Simu Tanzania lilirithi kazi hiyo, kisha sheria za mwaka 1993 zikalitenganisha na kuzaa Shirika la Posta na Kampuni ya Simu. Mwaka 1994 simu za mkononi zikaanza nchini.

Wakati huohuo kompyuta nazo zilikuwa zikipita njia yao ya kugawanyika. Programu inayotumika kwenye mashine moja huandika matukio yake kwenye logi moja, kwa saa moja, na hitilafu hutafutwa kwa kuisoma logi hiyo kutoka juu hadi chini. Kuanzia miaka ya 2000 kampuni na serikali zilianza kuunganisha mifumo kwa huduma za wavuti: mfumo mmoja hutuma ujumbe kwa mwingine kupitia mtandao, ukasubiri jibu, na huo mwingine huenda ukaita wa tatu na wa nne. Kila seva ikaendelea kuandika logi yake. Seva ya kwanza ilionyesha kwamba imetuma na haikujibiwa, ya tatu ikaonyesha maelfu ya maombi yaliyofaulu, na hakuna aliyeweza kusema lipi kati ya hayo ndilo ombi la mteja anayelalamika. Ilikuwa hali ya Bagamoyo na Unyanyembe kwa kasi ya sekunde.

Jibu la kwanza la viwango lilifanana na lebo ya R. Mwaka 2006 W3C, shirika la viwango vya wavuti, lilipitisha kiwango cha WS-Addressing, kilichoweka kwenye kichwa cha kila ujumbe utambulisho wake wa pekee, na kwenye jibu nafasi ya kutaja ni ujumbe gani unaojibiwa. Hilo liliunganisha ombi na jibu, hatua kwa hatua, lakini halikuunganisha safari nzima. Watafiti walikuwa wamekwisha kuanza kutafuta zaidi: mradi wa X-Trace wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulichapishwa mwaka 2007, na mwaka 2010 Google ikachapisha maelezo ya mfumo wake uitwao Dapper, ambao ndio uliowaonyesha wahandisi wengi umbo la kufuata. Twitter ilitoa Zipkin mwaka 2012, na Uber ikatoa Jaeger mwaka 2017, zote zikiwa programu huria.

Umbo lenyewe ni hili. Ombi linapoingia kwenye mfumo kwa mara ya kwanza hupewa namba moja ya safari, ambayo haibadiliki mpaka mwisho. Kila seva inayolishughulikia hufungua kipande chake cha kazi, hukipa kipande hicho namba yake, huandika saa ya kuanza na ya kumaliza, na huandika pia namba ya kipande kilichoiita. Inapoita seva nyingine hupeleka mbele namba ya safari pamoja na namba ya kipande chake. Kila moja baadaye hupeleka taarifa hizo kwenye ghala moja, na ghala hilo hujenga mti wa safari kwa kufuata nani alimwita nani. Kwa njia hiyo saa zikitofautiana kidogo, mti hausambaratiki, kwa sababu msingi wake ni uhusiano wa mzazi na mtoto. Ucheleweshaji huonekana kama kipande kirefu kuliko vingine, na hitilafu kama kipande kilichotiwa alama ya kosa. Februari 2020 W3C ilipitisha kiwango cha namna ya kuandika namba hizo kwenye kichwa cha ombi: ya safari herufi na tarakimu 32, ya kipande 16. Mradi wa OpenTelemetry, uliozaliwa mwaka 2019 kwa kuunganisha miradi miwili iliyokuwa ikishindana, ndio unaotoa zana zinazotumika zaidi.

Tanzania iliingia katika mambo hayo kupitia fedha. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na kila muamala ulipata namba yake iliyofika kwa mteja kwenye ujumbe mfupi. Kwa miaka ya mwanzo safari yote ilikuwa ndani ya kampuni moja. Mwaka 2014 kampuni za simu zilianza kuruhusu wateja wao kutumiana fedha moja kwa moja, na kuanzia hapo muamala mmoja ukawa na namba mbili, moja kwa kila kampuni, na mteja aliyetuma kutoka Nzega kwenda kwa ndugu wa mtandao mwingine alihitaji kampuni zote mbili zikubaliane kuhusu kilichotokea. Benki Kuu baadaye ilijenga mfumo wa TIPS, unaokaa katikati ya benki na kampuni za simu na kushika rekodi ya kila agizo linalopita.

Kwa malipo ya Serikali hatua kubwa ilikuwa mfumo wa GePG na matumizi yake ya lazima kwa taasisi za umma kuanzia mwaka wa fedha 2017/18. Kila bili hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontro namba, yenye tarakimu 12. Mamlaka ya maji hutuma bili kwenye GePG na kupewa namba. Mteja anapoiingiza kwenye simu, kampuni ya simu huiuliza GePG deni ni kiasi gani na la nani, mteja huthibitisha, kampuni hupeleka taarifa ya malipo pamoja na namba yake ya risiti, na GePG huipeleka kwa mamlaka. Kila ujumbe kati yao hutiwa saini ya kidijitali, na mpokeaji hutakiwa kukiri. Ujumbe wa malipo ukirudiwa kwa sababu mtandao ulikatika, namba zilezile huwezesha kutambua kwamba ni nakala, na bili isilipwe mara mbili. Hati za wafanyabiashara wa Unguja zilikuwa na sharti hilohilo.

Kontro namba ni nzuri kwa sababu inazaliwa kwenye chanzo na inavuka mipaka ya taasisi bila kubadilika. Hata hivyo inatambulisha bili, na bili moja huenda ikajaribiwa kulipwa mara kadhaa. Anayetafuta jaribio moja lililokwama saa nne asubuhi bado anahitaji namba ya risiti ya kampuni na rekodi ya GePG ziwekwe bega kwa bega. Kazi hiyo hufanywa kila siku kwa ulinganisho wa hesabu, ambao hubaini fedha zilizokatwa bila kufika. Ulinganisho hutoa jibu sahihi, lakini hulitoa baadaye, na mteja aliyekatwa fedha bila tokeni ya umeme kurudi anataka jibu sasa. Mei 2021 ununuzi wa umeme wa LUKU ulikwama nchini kwa siku kadhaa, na wateja walipanga foleni kwenye ofisi za shirika la umeme kwa kuwa hiyo ndiyo ofisi waliyoijua, ijapokuwa tokeni hupita mikono ya wengi kabla ya kuwafikia.

Ufuatiliaji una mpaka unaopaswa kulindwa. Rekodi ya safari ya ujumbe hubeba namba za simu, majina na viwango vya fedha, na ghala linaloona kila kitu ni hatari likishikwa na asiyestahili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi maalumu na zisitunzwe zaidi ya haja. Wajenzi wazuri wa mifumo hutenganisha ya ndani na ya nje, kama posta ilivyofanya: namba ya safari, saa na jina la kituo vinaandikwa wazi, na yaliyomo kwenye ujumbe hayaingii kwenye logi kabisa. Mifumo mikubwa pia haitunzi safari zote. Huchukua sampuli, na huhifadhi kikamilifu zile zilizochelewa au kushindwa.

Kuna pia mahali ambapo rekodi za mashine huanzia na kukomea. Katika vijiji vya Nzega malipo mengi huanzia kwa wakala wa fedha za simu, mkulima anapokabidhi noti za mauzo ya mpunga au pamba ili ziwekwe kwenye simu yake. Mpaka wakala atakapobonyeza, hakuna namba ya safari, na noti zikihesabiwa vibaya hakuna mti wa vipande utakaolionyesha kosa hilo. Mawakala makini huziba pengo hilo kwa daftari la kaunta, wakiandika tarehe, namba ya simu, kiasi na namba ya muamala iliyorudi, na mteja hutia saini pembeni.